Kituo cha Taifa cha Masomo ya Mtandaoni, Kikipimwa kwa Mahitaji ya Njiru

Kituo cha pamoja cha taifa cha masomo ya mtandaoni ni mpangilio ambao taasisi kadhaa, kila moja ikibaki na jina lake na mamlaka yake, hukubaliana kutumia kwa ushirika vitu ambavyo vingezigharimu mno iwapo kila moja ingejijengea vyake. Vitu hivyo ni vinne: njia za mawasiliano zinazobeba masomo; jukwaa la kufundishia, yaani programu inayohifadhi kozi, kupokea kazi za wanafunzi na kuweka rekodi za maendeleo yao; maudhui yenyewe; na utaratibu wa kuyatambua masomo, ili mtu aliyefaulu kozi mahali pamoja asilazimishwe kuirudia mahali pengine. Nchini Kenya vyote vinne vimeshaanzishwa, na kimoja kimedumu kwa zaidi ya miongo miwili, lakini vimekulia katika nyumba tofauti na havijawekwa chini ya mkataba mmoja. Uchambuzi huu unashikilia kwamba muungano wa vitu hivyo upimwe kwa swali moja lililo wazi: je, mkazi wa mtaa kama Njiru ataweza kuianza kozi, kuimaliza na kupata cheti kinachopokelewa popote nchini?

Njiru inafaa kuwa kipimo kwa sababu haifanani na picha iliyozoeleka ya mahali palipoachwa nyuma na teknolojia. Kaunti ndogo ya Njiru, iliyo ukingoni mwa mashariki ya Nairobi, ilihesabiwa kuwa na wakazi 626,482 katika sensa ya 2019, ikawa ya tatu kwa wingi wa watu jijini baada ya Embakasi na Kasarani. Kandokando ya barabara ya Kangundo, kuanzia Komarock na Saika hadi Njiru yenyewe, Chokaa na Ruai, ardhi iliyokuwa mashamba na machimbo ya mawe imejaa nyumba za kupangisha, maduka ya jumla, karakana na shule za watu binafsi. Mawimbi ya simu yapo na stima imefika. Mtu akitazama ramani ya huduma za mawasiliano ataona eneo lililokwisha kuhudumiwa, na kwa hiyo fedha za umma zinazokusudiwa maeneo yasiyo na mtandao zitapita juu yake kuelekea Turkana au Tana River, jambo ambalo kwa haki haliwezi kulaumiwa. Hata hivyo, mfanyakazi anayeshuka matatu saa mbili usiku na kuingia katika chumba kimoja kinachotumika kupikia, kulala na kufanyia kazi za shule za watoto, huku simu ya nyumba nzima ikiwa moja na bando likiwa limebakia la siku ile tu, yuko mbali na chuo kikuu kama yule aliye Lodwar, ingawa mnara wa simu unaonekana kutoka dirishani pake.

Wazo la kumfuata mwanafunzi alipo si geni nchini. Mwaka 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, ili kuwaendeleza walimu waliokuwa wakifundisha bila mafunzo ya kutosha, na masomo hayo yaliyotumwa kwa bahasha yaliambatana na vipindi vya redio. Elimu masafa, kama mfumo huo unavyoitwa, ilikuwa tangu mwanzo kazi ya ushirika, kwa kuwa chuo kilitunga masomo, posta ikayasafirisha, redio ikayasomesha na wizara ikakubali kumpandisha cheo mwalimu aliyefaulu. Sehemu hii ya mwisho husahaulika mara nyingi. Walimu wale walivumilia miaka ya kusoma kwa taa ya chemli kwa sababu walijua kwamba mwisho wa safari palikuwa na mshahara ulioongezeka, na mwajiri mwenyewe alikuwa mshirika katika mpango.

Miaka thelathini baadaye ulikuja mpango mkubwa zaidi na wenye kina kifupi zaidi. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, kinachojulikana kwa kifupi chake AVU, kilianza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia, kikiwa na makao Washington, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kikawa miongoni mwa vyuo vya kwanza kupokea masomo yake. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka ng'ambo, wanafunzi wakaitazama kwenye skrini na kuuliza maswali kwa simu. Chuo chenyeji kilitoa ukumbi, umeme na wanafunzi, lakini hakikuwa na sauti kubwa katika kinachofundishwa, na mara nyingi kozi hazikuingia katika shahada zake. Makao yalipohamia Nairobi mwaka 2002, na mwaka uliofuata AVU ikawa shirika la serikali kadhaa za Afrika lenye hati yake, mwelekeo ulibadilika kwa namna inayostahili kusifiwa: kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, vyuo vikuu 12 kutoka nchi 10 viliketi pamoja na kutunga moduli 73 za kufundishia walimu wa hisabati, sayansi na teknolojia ya habari, ambazo zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno na kuachwa wazi kwa yeyote kuzitumia bila malipo. Hapo ndipo ushirika ulipozaa kitu kinachobaki. Moduli iliyotungwa na wahadhiri wa nchi 10 haifi mfadhili anapoondoka, tofauti na matangazo ya setilaiti ambayo yalinyamaza mara tu malipo yalipokoma.

Mfano ulio karibu zaidi na kituo kinachojadiliwa hapa, na ambao Wakenya wengi hawaujui kwa kuwa unafanya kazi kimya, ni KENET, yaani mtandao wa elimu wa Kenya. Ulianzishwa mwaka 1999 na vyuo vikuu kwa msaada wa shirika la maendeleo la Marekani, ukasajiliwa kama amana, yaani chombo kinachoshikilia mali kwa niaba ya wanachama, na ofisi zake zikawa katika jengo la maktaba ya Jomo Kenyatta ndani ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika miaka ile intaneti ilifika nchini kwa setilaiti, na bei ya megabiti moja kwa sekunde ilikuwa maelfu ya dola kila mwezi, mzigo ambao chuo kimoja hakingeweza kuubeba bila kubana maktaba na maabara. KENET iliunganisha mahitaji ya vyuo, ikanunua kwa jumla na kugawa kwa rejareja. Kebo za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, zikiwemo SEACOM na ile ya TEAMS inayotoka Fujairah, tayari palikuwa na chombo kinachoaminika ambacho serikali ingeweza kukikabidhi uwezo wa kebo hizo kwa manufaa ya elimu, na bei ikashuka kwa kiasi ambacho wahadhiri wa muongo uliotangulia wasingekiamini. Nguvu ya KENET imetokana na mambo matatu ambayo kituo kipya kingefaa kuyaiga bila aibu: wanachama hulipa ada, kwa hiyo wana haki ya kudai huduma, wasimamizi wake ni watu wa taaluma badala ya wateule wa siasa, na haikujaribu kuwa chuo kikuu, hivyo hakuna mwanachama aliyeiona kama mshindani.

Udhaifu wake nao uko katika muundo huohuo. Mtandao wa KENET huishia kwenye lango la kampasi, wakati mwanafunzi wa masomo ya mtandaoni, kwa maana halisi ya masomo hayo, yuko nje ya lango. Udhaifu huo ulidhihirika Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. KENET iliwapa wahadhiri majukwaa ya mihadhara ya video yaliyokuwa kwenye seva za humu nchini, na ikaingia katika mazungumzo na kampuni za simu ili wanafunzi wapate bando za bei nafuu. Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala Nchini, yaani KICD, ilipeleka masomo ya shule kwenye redio, televisheni na hifadhi yake ya mtandaoni. Kila taasisi ilijitahidi, lakini juhudi hazikukutana popote, na watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021 bila kuguswa na lolote kati ya hayo. Puto za Loon, zilizorushwa angani Julai 2020 kwa ushirikiano na Telkom Kenya ili kusambaza intaneti, zilifungwa mwaka uliofuata baada ya kampuni mama ya Marekani kuona kwamba hazitaleta faida. Mkataba usiotaja nini kitatokea mshirika mmoja akijiondoa huwa umeandikwa nusu.

Mpango wa vishikwambi vya shule za msingi, ulioanza mwaka 2016, una fundisho la aina nyingine kwa Njiru. Utengenezaji wake ulikabidhiwa vyuo vikuu viwili, Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja kikiwa na mshirika wa kigeni, na zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa. Kama ushirikiano wa taasisi ulifaulu kuliko wengi walivyotarajia. Lakini vifaa vilikwenda katika shule za msingi za umma pekee, na katika mitaa ya Eastlands, ambako nyumba zimeongezeka haraka kuliko madarasa ya serikali, watoto wengi husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa na za kijamii, zilizojengwa kwa mabati na kulipiwa karo ya kila mwezi. Mtoto wa shule ya mabati alikosa kishikwambi kwa sababu ya usajili wa shule yake, na umaskini wake haukuingia katika hesabu. Kituo cha taifa kitakachowafungulia akaunti wanafunzi wa taasisi wanachama tu kitarudia kosa hilo, na katika mtaa kama huu litawagusa watu kwa maelfu.

Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati na Rais William Ruto Agosti 2023 na kuanza kufundisha mwaka huohuo, kimewekwa katika jiji la teknolojia la Konza, takriban kilomita 60 kutoka Nairobi, karibu na kituo cha taifa cha kuhifadhi data. Kuanzishwa kwake kulichelewa sana ukilinganisha na Tanzania, ambako sheria ya Chuo Kikuu Huria ilipitishwa mwaka 1992 na wanafunzi wa kwanza kupokelewa mwaka 1994 chini ya Profesa Geoffrey Mmari. Ulinganisho huo una faida kubwa kuliko kuhesabu miaka tu. Chuo cha Tanzania kilizaliwa kabla ya intaneti kuenea, kikalazimika kufungua vituo mikoani, mahali ambapo mwanafunzi angechukua vitabu, kuonana na mratibu na kufanyia mtihani. Na teknolojia ilipokuja, vituo viliendelea kuwa na kazi. Chuo cha Kenya kimezaliwa ndani ya mtandao na kuna kishawishi cha kuamini kwamba hakihitaji mahali. Dhana hiyo inaweza kuwa sahihi kwa mfanyakazi wa benki anayeishi Kilimani mwenye faiba nyumbani, lakini kwa mkazi wa Njiru ni ghali kweli, na gharama yake inaweza kukokotolewa.

Chukua mhula wa wiki 12 wenye kozi nne, kila kozi ikiwa na mihadhara ya saa tatu kwa wiki: jumla ni saa 144. Video inayopita kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 450 kwa saa, kwa hiyo mhula mzima utahitaji karibu gigabaiti 65, kabla mwanafunzi hajafungua kitabu hata kimoja cha kidijitali. Mihadhara hiyohiyo ikitolewa kwa sauti tu, kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ikiambatana na maandishi na michoro iliyotulia, hutumia chini ya megabaiti 30 kwa saa, na mhula wote unaingia katika gigabaiti 4 na ushei. Tofauti kati ya 65 na 4 ndiyo tofauti kati ya kozi inayosomeka Njiru na isiyosomeka, na uamuzi huo hufanywa na mtunzi wa kozi akiwa ofisini, pengine bila kujua kwamba ameufanya. Kuna njia ya tatu, ambayo ni kuweka seva ndogo ya akiba katika mtaa, yaani kompyuta inayopokea nakala ya masomo mara moja usiku na kuyagawa kwa simu zote zilizo karibu bila kutumia bando. Njia hiyo inahitaji chumba chenye stima, kufuli na mtu wa kuwajibika, hivyo inaturudisha kwenye haja ya mahali.

Mahali hapo patatoka wapi? Mtu akianza kutafuta mshirika, hata jina la Njiru lenyewe linatatiza, kwa maana kuna kaunti ndogo ya Njiru inayofuatwa na utawala wa serikali kuu, na kuna wadi ya Njiru ambayo, pamoja na Ruai na Mwiki, imo ndani ya eneo bunge la Kasarani. Ofisi ya elimu, mbunge na mwakilishi wa wadi kila mmoja ana mipaka yake. Katiba ya 2010 nayo iligawa kazi kwa namna inayolihusu jambo hili moja kwa moja: vyuo vikuu, shule za msingi na za sekondari zilibaki mikononi mwa serikali ya kitaifa, ilhali maktaba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani vilikabidhiwa kaunti. Kwa hiyo kituo cha taifa kitakachotia saini na wizara na vyuo vikuu peke yao hakitakuwa na ufunguo wa maktaba hata moja. Kwamba kaunti inaweza kuwa mshirika mwema kumeshaonekana Makadara na Kaloleni, ambako maktaba za zamani za jiji zimefufuliwa kwa ushirikiano na shirika la Book Bunk, na wakazi wa Eastlands wakarudi kuzijaza. Njiru iko mbali na maktaba hizo, kama ilivyo mbali na ile ya kitaifa ya Buruburu, lakini ina kumbi za shule zinazokaa tupu jioni, ina makanisa yenye vyumba vya madarasa, na ina saiba, yaani vibanda vya intaneti, ambazo wenyewe wamekuwa wakiwajazia watu fomu za serikali kwa miaka mingi na ambao wanajua kuliko ofisa yeyote ni hatua gani ya tovuti inayowashinda watu. Mwenye saiba akilipwa kwa saa kuwa mwongozaji wa wanafunzi, kituo kitakuwa kimepata mtumishi aliyekwisha kufuzu kwa mazoea.

Gumu kuliko mahali ni suala la kutambuana. Krediti, yaani kipimo cha kazi ya masomo ambacho huhesabiwa hadi shahada ikamilike, ndiyo sarafu ya ushirika wa vyuo, na sarafu isiyopokelewa na duka la jirani ni karatasi. Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inayosimamia ubora, na ina mamlaka ya kitaifa ya sifa za elimu iliyoundwa kwa sheria ya 2014 ili kuweka ngazi moja inayounganisha ufundi na vyuo vikuu. Sheria zipo; kinachokosekana ni mazoea ya vyuo kuaminiana, na mazoea hayo hayaji kwa kuombwa. India ililitatua jambo hili kwa ujasiri. Jukwaa lake la taifa, SWAYAM, lililozinduliwa mwaka 2017, liliwekwa chini ya waratibu 9 wa kitaifa, kila mmoja akiwa na eneo lake la masomo, na kanuni ya mwaka 2016 ilikuwa imeshavitaka vyuo vikuu kukubali hadi asilimia 20 ya kozi za programu kutoka jukwaa hilo, kiwango kilichopandishwa hadi asilimia 40 mwaka 2021. Mitihani yake ya mwisho hufanywa ana kwa ana katika vituo maalumu, hatua iliyoondoa kisingizio kikuu cha vyuo vilivyokuwa vikiitilia shaka. Kenya haihitaji kuiga asilimia hizo, lakini inahitaji kuandika yake, na kuiandika kabla ya seva ya kwanza kununuliwa, kwa kuwa baada ya ununuzi hakuna chuo kitakachokuwa na sababu ya kujadiliana.

Vyuo vinasita kwa sababu inayoeleweka. Vingi vya umma vina madeni na hutegemea karo, na kozi moja ya takwimu ya mwaka wa kwanza ikifundishwa na mhadhiri mmoja kwa nchi nzima, vitajiuliza karo ya wanafunzi hao itaingia mfuko gani na wahadhiri wengine wa takwimu watafanya nini. Jibu la haki ni kwamba kozi ya pamoja hupunguza kazi ya kutunga bila kuondoa kazi ya kufundisha, maana wanafunzi 5,000 wanaosikiliza muhadhara mmoja bado wanahitaji mtu wa kusahihisha kazi zao na kuwajibu, na watu hao ndio wahadhiri wa vyuo wanachama. Mkataba basi utenganishe malipo ya aina tatu: ya kutunga kozi, yanayolipwa mara moja, ya kufundisha, yanayolipwa kwa kila mwanafunzi anayehudumiwa, na ya kituo cha mtaani, yanayolipwa kwa saa mlango unapokuwa wazi. Rekodi za wanafunzi nazo ziwe na mwenyewe anayejulikana, kwa kuwa sheria ya kulinda data ya 2019 humtaka kila anayekusanya taarifa za mtu aeleze kusudi lake, na katika ushirika wa taasisi 20 ni rahisi kila mmoja kudhani kwamba mwenzake ndiye aliyeeleza.

Lugha hutajwa mwisho katika mipango ya namna hii, ikiwa itatajwa. Kozi za chuo kikuu zitaendelea kwa Kiingereza kwa muda mrefu, lakini maelekezo ya jinsi ya kujisajili, kulipa, kutuma kazi na kukata rufaa dhidi ya alama yanaweza kuwa kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza, pamoja na kozi za ufundi ambazo mafundi wa Njiru huzizungumza kwa Kiswahili kila siku wakiwa kazini: kuunganisha nyaya, kuchomelea, kutunza hesabu za duka. Kwa fundi aliyeacha shule kidato cha pili, lugha ya skrini ya kwanza huamua iwapo ya pili itafunguliwa.

Yakishakubaliwa hayo, kazi inayobaki ni ya vifungu vidogo ambavyo wanasheria wa makao makuu hawana mazoea navyo: ni nani atakayenunua tokeni za stima za ukumbi wa shule kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, ni nani atakayemlipa mlinzi, mwalimu mkuu atawajibishwa vipi kipakatalishi kikipotea, na mwanafunzi wa kike atarudije nyumbani kipindi kinapoisha na taa za barabara hazijawaka. Vifungu hivyo vingefaa kuandikwa Njiru, katika ukumbi wenyewe, wakiwepo mwalimu mkuu, ofisa wa kaunti, mwenye saiba na wale watakaosoma hapo.